Nani Aliyeichakaza Jinzi Yako?



Madukani inauzwa jinzi mpya kabisa, karatasi ya bei bado inaning'inia, na kwenye mfuko wake wa nyuma kuna mstatili uliopauka: alama ya waleti. Waleti yenyewe haijawahi kutiwa humo. Magotini rangi imekwisha, wala hakuna aliyepiga magoti. Kwenye mapaja, chini kidogo ya kiuno, imepita mistari myeupe ambayo wenye biashara huiita masharubu, ile inayotokana na mtu kukaa na kusimama, kukaa na kusimama, mwaka mzima. Nani alikaa? Nani alisimama?

Wapo wanaoliona hili kuwa ni suala la mitindo tu. Upande mmoja wapo wanaopenda jinzi iliyochakazwa kiwandani, unaivaa leo na inaonekana umeishi nayo tangu sekondari. Upande wa pili wapo wanaonunua jinzi mbichi, nzito, ngumu, ya buluu iliyokoza karibu na weusi, wakaichakaza wenyewe kwa kuivaa. Wanabishana ipi ni nzuri zaidi na ipi ni ya kweli. Kwangu mimi ubishi huo unaacha kitu kikubwa pembeni. Rangi ya jinzi haitoki bila kazi. Kuna mtu ameifanya kazi hiyo, na jioni hii ndiye ninayemtafuta, pamoja na malipo aliyopata.

Tuanze na kitambaa chenyewe. Denimu hufumwa kwa nyuzi za aina mbili. Uzi wa mtande, ule unaokwenda kwa urefu, hutiwa rangi ya nili. Uzi wa mshindio, unaopita kwa upana, huachwa mweupe, ndiyo maana ukikunja pindo la jinzi yako unakuta weupe upande wa ndani. Nili si ngeni kwetu. Kaniki za bibi zetu zilitiwa rangi hiyo. Ina tabia zake. Haiyeyuki ndani ya maji mpaka inyang'anywe oksijeni kwa kemikali, na hapo hugeuka manjano yenye ukijani. Uzi huchovywa humo, hutolewa nje, na hewa inapougusa ndipo ubuluu unapojitokeza. Huchovywa tena, na tena. Lakini hata ukiuchovya mara nyingi, nili hukaa juu juu. Moyo wa uzi hubaki mweupe.

Hapo ndipo ilipo siri yote. Rangi nyingine huzama ndani, kwa hiyo nguo ikichuja huchuja mwili mzima kwa pamoja. Nili huondoka pale tu palipoguswa. Kila msuguano huambua chembe ya ganda la buluu na kuufunua ule moyo mweupe. Dereva wa bodaboda jinzi yake hupauka ndani ya mapaja, panapobana tangi la mafuta. Fundi wa vigae hupauka magotini. Sisi wa ofisini hupauka makalioni, na tusijidai zaidi ya hapo.

Walioanzisha suruali hii hawakuwa na habari na uzuri wa kupauka. Tarehe 20 Mei 1873, Jacob Davis, fundi cherehani wa Reno katika jimbo la Nevada, pamoja na Levi Strauss, mfanyabiashara wa vitambaa wa San Francisco, walipata hataza ya kuimarisha mifuko ya suruali kwa ribiti za shaba. Wateja wao walikuwa watu wa sulubu, na shida yao ilikuwa mifuko inayochanika. Mwaka 2022 jinzi moja ya Levi's, kampuni ya Strauss, ya miaka ya 1880, iliyookotwa ndani ya mgodi uliotelekezwa, ilinadiwa huko New Mexico na kufika dola 87,400 pamoja na ada za mnada. Ilikuwa na matone ya nta ya mshumaa, kwa sababu aliyeivaa alichimba gizani. Ndani ya mfuko kulikuwa na maandishi yaliyojivunia kwamba suruali hiyo imetengenezwa na wafanyakazi weupe peke yao. Ilikuwa ni zama za chuki dhidi ya Wachina. Mwaka 1882 Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie nchini. Ni maneno ya aibu, na kampuni yenyewe iliyakana zamani. Ila angalia: wakati huo suruali hii ilikuwa inamwambia mnunuzi ni mikono ya nani iliyoishughulikia. Ya leo haisemi.

Sasa twende kwa hawa wavaaji wa jinzi mbichi. Imani yao ilikomaa zaidi Japani, hasa Osaka na mkoa wa Okayama, ambako tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 makampuni madogo kama Studio D'Artisan yalianza kufufua denimu ya zamani ya Kimarekani ambayo Wamarekani wenyewe walikuwa wameiacha. Mtu ananunua suruali inayoweza karibu kusimama yenyewe sakafuni. Wiki za kwanza inamchubua kiunoni, inapaka buluu viti na viatu vyeupe. Anavumilia. Haifui kwa miezi, wengine husema sita, ili mikunjo ikae pale pale na rangi itoke kwenye mistari tu. Mwishowe nyuma ya magoti hutokea mikunjo kama masega, mbele yanatokea masharubu, na mfukoni inajichora simu yake mwenyewe.

Napenda uvumilivu wao, na lazima niwatanie kidogo. Mwaka 2014 Chip Bergh, aliyekuwa mkuu wa Levi's, alisimama hadharani akasema jinzi aliyoivaa haijaingia kwenye mashine ya kufulia kwa mwaka mmoja, na dunia nzima ikacheka. Kabla ya hapo, katika Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada, mwanafunzi mmoja alivaa jinzi mbichi miezi 15 bila kuifua. Mwalimu wake, Rachel McQueen, akapima bakteria. Ikafuliwa, ikavaliwa wiki mbili, akapima tena, na hesabu ikawa inakaribiana. Vizuri. Lakini Alberta ni nchi ya theluji. Mtu ajaribu hilo Tanga mwezi wa Februari, halafu apande daladala ya saa nane mchana, tuone abiria wenzake watasemaje kuhusu utafiti. Wengine hutia jinzi kwenye friza ili kuua harufu. Baridi ya friza inawalaza bakteria tu. Ukiivaa ikapata joto la mwili wako, wanaamka.

Na isitoshe, siyo wote walio waaminifu kama wanavyojitangaza. Kuna anayechuchumaa makusudi chumbani ili mikunjo iingie. Kuna anayeingia baharini na suruali, akatoka akaisugua kwa mchanga wa pwani. Mtu wa namna hiyo amefanya kiwanda cha mtu mmoja. Tofauti yake na kiwanda halisi ni kwamba vumbi na jasho ni vyake, na amevitaka mwenyewe.

Kiwanda halisi hakina muda wa kusubiri mwaka. Njia iliyoenea kuanzia miaka ya 1970 ni kuzifua jinzi pamoja na mawe, mawe yale mepesi ya volkano tunayosugulia visigino. Yanagongana na kitambaa, yanaambua nili, na yenyewe yanasagika na kuacha matope. Baadaye vikaja vimeng'enya vinavyokula nyuzi za juu ya pamba, kazi ya mawe ikapungua. Lakini mashine hupausha nguo nzima, na mnunuzi anataka goti lililochakaa, paja lililochakaa. Hapo ndipo mkono wa mtu unapohitajika. Suruali huvalishwa kwenye miguu ya mpira iliyojazwa upepo, kibarua akaisugua kwa msasa, mguu baada ya mguu, zamu nzima. Kisha mwingine hupuliza pamanganeti ya potasiamu, ile dawa ya zambarau, ili sehemu hizo ziwe nyeupe zaidi. Asiye na kinga nzuri ya pua anaivuta.

Na kulikuwa na njia ya haraka kuliko zote hizo: mchanga. Unachukua bomba la kompresa, unapuliza mchanga kwa nguvu kwenye goti la suruali, na kwa muda mfupi tu limechakaa. Kifaa ni rahisi, mchanga ni rahisi, kibarua ni rahisi.

Uturuki ilikuwa moja ya nchi kubwa za kazi hiyo. Katika karakana ndogo za Istanbul, nyingi zikiwa hazijasajiliwa, walijaa vijana waliotoka mashariki ya nchi, mikoa maskini kama Bingöl. Wengine walianza wakiwa hawajafika miaka 18. Walifanya kazi kwenye vyumba vilivyofungwa, uso umefunikwa kwa kitambaa au kinga ya karatasi isiyozuia chochote, na baadhi yao walilala humo humo kazini. Mchanga ule ukivunjika hutoa vumbi laini la silika. Linaingia mpaka chini kabisa ya mapafu, na mapafu hujibu kwa kutengeneza makovu. Ugonjwa unaitwa silikosisi. Wachimbaji wanaujua, na wa Mirerani wamo. Mgodini mara nyingi huchukua miaka mingi kujitokeza. Kwa hawa wa jinzi ilitosha miaka michache, wengine miezi tu, kwa sababu vumbi lilikuwa jingi mno na hewa kidogo mno. Na hauna dawa ya kuuponya.

Mwanzoni madaktari walishangaa. Vijana wa miaka ishirini na kitu, hawajawahi kushuka mgodini, wana mapafu ya wachimba mawe. Mwaka 2007 daktari Metin Akgün na wenzake waliwapima watu 145 waliowahi kuifanya kazi hiyo, na zaidi ya nusu walikutwa na silikosisi. Baada ya miaka minne wakawatafuta tena. Tisa walikuwa wamekufa. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 24. Kati ya 74 waliokuwa hai na wakapimwa upya, wenye ugonjwa walikuwa wametoka asilimia 55 hadi karibu 96. Na hawa walikuwa wameshaiacha kazi! Bomba limezimwa, karakana imefungwa, na makovu yanaendelea kukua. Katika kijiji cha Taşlıçay, huko Bingöl, vijana walikwenda mjini kwa makundi kwa kufuatana, ndugu akimwita ndugu kama tunavyoitana sisi, na wakarudi wagonjwa kwa kufuatana vile vile.

Mwaka 2009 Uturuki ilipiga marufuku kupuliza mchanga kwenye nguo. Mwaka 2010 Levi's na H&M wakatangaza kuachana na jinzi za namna hiyo, na makampuni mengine yakafuata. Mwaka 2011 sheria iliwafungulia wagonjwa njia ya kupata pensheni, hata wale ambao waajiri wao hawakuwahi kuwaandikisha popote. Haya yalipatikana kwa sababu wagonjwa wenyewe waliungana na madaktari na wanaharakati wakapiga kelele. Lakini kazi yenyewe ilihama zaidi kuliko ilivyokufa. Mwaka 2012 ripoti ya shirika la Clean Clothes Campaign ilieleza kwamba Bangladesh bado kulikuwa na viwanda vinavyopuliza mchanga. Mnunuzi wa Ulaya bado alitaka goti jeupe kwa bei ile ile, na goti jeupe lilipatikana.

Kwa hiyo nikiulizwa ni nani aliyeichakaza jinzi yenye goti jeupe ya miaka ile, jibu langu ni kijana wa Bingöl. Alichakaza magoti ya watu maelfu asiowajua, na mapafu yake yakachakaa pamoja nayo.

Sasa nikupeleke mahali pengine, kwa sababu kuna watu waliojaribu kulijibu swali hili kwa njia ya kupendeza. Onomichi ni mji wa bandari katika mkoa wa Hiroshima, Japani, kando ya bahari ya ndani yenye visiwa vingi, na eneo lile limefuma vitambaa vya nili kwa vizazi. Mwaka 2013 ulianza mradi ambamo wakazi 270 walipewa jinzi mpya, mbili mbili, wazivae kazini kwa mwaka mmoja. Walikuwamo wavuvi, maseremala, wakulima, walimu, hata watawa wa Kibudha. Wiki hii unavaa moja, wiki inayofuata nyingine, na waandaaji wanapita kuzikusanya na kuzifua. Mwaka ulipokwisha jinzi ziliingia dukani pale pale mjini, kila moja ikiuzwa pamoja na maelezo ya kazi ya aliyeivaa. Ya mvuvi inajulikana kwa madoa na mikunjo ya mtu anayeinamia nyavu. Ya mkulima ina magoti yake ya kweli.

Huu mradi naupenda kuliko ninavyoamini unastahili. Najua ndani yake mna kichekesho: tajiri wa Tokyo analipa fedha nyingi ili aonekane amevua samaki. Lakini mvuvi hakufanya kazi yoyote ya ziada, wala hakuvuta vumbi la mtu. Alivua kama kawaida, na jinzi ikapanda thamani huku akivua. Huko Wales, katika mji mdogo wa Cardigan, kampuni ya Hiut ilikwenda hatua moja mbele: ilitafuta watu wa kuvaa jinzi mbichi miezi sita, na ikiuzwa, mvaaji apate asilimia 20 ya bei. Kuchakaza nguo kukawa ajira yenye malipo.

Na sisi je? Sisi tuna jibu la tatu, tena la zamani kuliko Onomichi. Jinzi ya mtumba imechakazwa na mvaaji wa kweli, mtu wa Marekani, Ujerumani au Kanada, aliyeivaa akaichoka. Belo likifunguliwa katika masoko ya Karume, Gikomba au Owino, masharubu yaliyomo ni ya mwili fulani uliokaa mahali fulani. Ukiwa na jicho unayaona. Mvaaji wa kwanza alikuwa mfupi, kwa hiyo goti lake jeupe linakuangukia wewe katikati ya paja. Alitumia mkono wa kushoto, ndiyo maana mfuko wa kushoto ndio uliolegea. Kile anachokitafuta mpenzi wa jinzi wa Tokyo, na kukilipia, sisi tunakipekua chini ya turubai huku muuzaji anatupigia kelele za bei ya kufungia siku.

Halafu tunafanya nini? Tunakiondoa. Pembeni ya masoko hayo hayo kuna mafundi wenye masufuria makubwa yanayochemka juu ya moto, wanatia rangi nyeusi au ya buluu, wanazamisha jinzi zilizopauka, wanazikoroga kwa mti na kuzitoa zikiwa zimekoza kana kwamba zimetoka dukani. Mikono yao imeingia rangi mpaka viwikoni. Na hatua chache kutoka hapo kuna kijana mwingine mwenye wembe na chupa ya jiki, anachana na kupausha jinzi iliyokuwa nzima, kwa sababu mteja wake ameona video. Mmoja anarudisha rangi, mwingine anaitoa, wanapikiana chai.

Simcheki anayetaka jinzi ikoze. Mtu ambaye amevaa nguo zilizopauka kwa kukosa nyingine hana sababu ya kulipia kupauka. Uchakavu unapendeza pale unapokuwa umeuchagua. Wanaohubiri jinzi mbichi mara nyingi hulisahau hili; suruali mpya ya Kijapani ya kuvaa bila kufua inawezekana kwa mwenye suruali nyingine nyingi kabatini. Ninachokitilia shaka kwa fundi wa sufuria ni kitu kingine: mvuke ule anauvuta siku nzima, bila kinga, na sidhani kuna ofisi iliyowahi kumuuliza ndani ya sufuria ana nini.

Teknolojia nayo imekuja na lake. Mwaka 2018 Levi's ilitangaza mpango wa kuchakaza kwa leza. Jinzi iliyovaliwa kweli kweli hupigwa picha, picha ikawa faili la kompyuta, na mwali wa leza unachoma nili mahali hasa panapotakiwa. Sekunde 90, masharubu tayari, wakati kibarua wa msasa alikuwa anamaliza jinzi mbili au tatu kwa saa. Ile dawa ya zambarau haihitajiki tena kwa kazi hiyo. Nafurahi kwa ajili ya mapafu, sitaficha. Ila mashine za namna hiyo ni ghali, na kiwanda kidogo chenye vibarua wa bei nafuu hakina haraka ya kuzinunua. Na pale zinapofika, aliyekuwa na msasa anaambiwa aende nyumbani. Mchimbaji au mchunga ng'ombe ambaye jinzi yake ndiyo iliyopigwa picha, huyo hata hajui kwamba goti lake sasa liko miguuni mwa watu duniani kote.

Ukienda dukani kesho, fanya hivi. Itandaze jinzi mezani, linganisha mguu wa kulia na wa kushoto. Mtu halisi hachakai sawasawa pande zote mbili: ana mguu anaouegemea, ana mfuko wa funguo, ana upande anaokunjia goti akikaa. Masharubu yakiwa pacha kulia na kushoto, ujue yamechorwa. Kisha soma lebo ya ndani. Itakuambia pamba ni asilimia ngapi, imeshonwa nchi gani, ifuliwe kwa maji ya joto gani. Rangi ilitolewaje, haisemi. Mimi kwa sababu hiyo nanunua iliyokoza, isiyoguswa, dukani au mtumbani, na kuifua naifua. Kupauka, itapauka yenyewe kwenye viti vya daladala.